Kabla hujampa volontia watoto, piga simu

Jamani mnaotafuta mavolontia wa kukaa na watoto hapa Mombasa, msichukue mtu juu tu ni jirani wa Likoni na ana adabu. Muombe watu wawili aliofanya nao kazi, sio shangaziye wala rafikiye, na apeane ruhusa uwapigie, maana kuna sheria ya kulinda data ya 2019. Wapigie kweli, meseji haitoshi, kwa simu utasikia mtu akisitasita. Uliza: wewe ungemuachia mwanao? Halafu nyamaza, ngoja. Akikwambia "ni mtu mzuri tu" muulize alifanya nini hasa, na aliondoka kwa nini. Cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi ya polisi) pia aombe kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, lakini hicho chaonyesha mambo ya polisi tu, hasira zake hakizijui.