Kinu hakiwaki? Tazama holraumu kwanza
Vijana wa Chake Chake mnaojenga kinu cha myeyungano (fusion reactor) kwa modi, yaani nyongeza ya mchezo, iitwayo Mekanism ndani ya Minecraft, msikimbilie kuvunja kuta. Fungueni kidhibiti kilicho katikati juu, mtazame holraumu, kile kichombo kidogo cha mafuta ya kuwashia: lazima ijae mchanganyiko wa deuteriamu na tritiamu (aina mbili za hidrojeni), milibaketi (mB) 10 kamili. Ikiwa na upungufu wowote, leza ya kuwashia kinu itapiga bure. Mie nilibomoa na kujenga upya siku mbili nzima kwa kosa hilo hilo, na iliniuma.

Kisha subirini kikuza leza, kifaa cha kulimbikiza nguvu ya leza, kikusanye jouli bilioni 1, yaani milioni 400 za FE (Forge Energy, kipimo cha nishati cha modi), na kielekee sawasawa kwenye kipokea leza cha ubavuni. Kasi ya kuingiza mafuta kinuni huwa namba shufwa. Anzeni na 2.