Klorini inaua chanjo ya kuku wako

Wafugaji wenzangu, chanjo za kunywesha za kideri na gumboro (magonjwa ya virusi ya kuku) zina virusi hai, na klorini ya maji ya bomba huviua kabla kuku hajanywa. Tumieni maji safi ya kisima au ya mvua. Kama ni ya bomba tu, koroga kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hivi kwa lita, yapunguze makali ya klorini, ndipo utie chanjo. Vyombo visiwe na sabuni wala dawa. Wanyime kuku maji kwa muda wa saa moja au mbili, kisha wanyweshe chanjo asubuhi mapema, maji hayo yaishe ndani ya saa 2. Na vyombo viwe vingi, tafadhali: kuku mnyonge anayesukumwa pembeni hapati kinga, na huyo ndiye ugonjwa utakapoanzia.