Kumsaidia mwenye grini kadi aombe uraia wa Marekani

Wako wengi kati ya ndugu zetu walioko Marekani ambao walishatimiza masharti ya uraia zamani, na bado wanafanya upya grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, kila miaka 10. Ukiwauliza sababu, majibu huwa yale yale: Kiingereza changu hakitoshi, pesa sina, sitaki kupoteza uraia wa nyumbani. Kumhubiria mtu wa namna hiyo kuhusu kupiga kura hakumsogezi hata hatua. Kaa naye mezani, mwombe alete grini kadi na pasipoti zake zote, mpige hesabu pamoja.

Anzeni na tarehe. Kwenye kadi tafuta maneno "Resident Since". Kutoka hapo hesabu miaka 5, au 3 kama mwenzi wake wa ndoa amekuwa raia na wameishi pamoja muda wote huo. Fomu ya kuomba, N-400, inapokelewa kuanzia siku 90 kabla ya miaka kutimia. Akiwahisha zaidi ya hapo inakataliwa. Wakimbizi hupoteza muda bure hapa, kwa sababu wanahesabu tangu kadi ilipofika kwa posta. Tarehe ya mkimbizi hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia Marekani. Aliyetoka kambi ya Nyarugusu akatua Machi 2021 anatimiza miaka 5 Machi 2026, hata kama kadi yenyewe aliipata 2023.

Kisha safari. Katika miaka hiyo 5 lazima awe amekaa ndani ya Marekani angalau miezi 30, na miezi 3 ya mwisho awe katika jimbo analoombea. Safari moja ya miezi 6 au zaidi itamletea maswali, na ya mwaka mzima kwa kawaida hukata hesabu yote.

Uliza pia umri wa watoto. Mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grini kadi, anayeishi na mzazi wake mwenye haki ya kumlea kisheria, anakuwa raia siku ile mzazi anapoapa, bila fomu ya N-400 wala mtihani. Akifikisha 18 kabla ya kiapo, ataomba mwenyewe na kulipa mwenyewe. Kwa familia yenye kijana wa miaka 16, hakuna hoja nzito kuliko hii. Kwa mkimbizi mzee au mlemavu anayepokea SSI, pesa za kila mwezi za serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, hoja ni nyingine: asiyekuwa raia kwa kawaida hukatiwa msaada huo baada ya miaka 7, raia hakatiwi kwa sababu hiyo.

Sasa kuna watu ambao hupaswi kuwasukuma. N-400 inafungua faili zima la mtu, na anayeomba bila kujipanga anaweza kuishia kupoteza hata grini kadi. Aliyewahi kukamatwa na polisi, hata kama kesi ilifutwa. Aliyerudi katika nchi aliyoikimbia. Asiyetoa taarifa za kodi. Mwanamume aliyeishi Marekani akiwa na miaka 18 hadi 25 na hakujiandikisha Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini. Ambaye watoto au ndoa yake haikuandikwa kwenye faili la ukimbizi. Na aliyejiandikisha kupiga kura, jambo linalotokea zaidi kwenye ofisi ya leseni za udereva, pale karani anapouliza na mtu anaitikia "yes" bila kuelewa. Wote hawa waanze kwa wakili wa uhamiaji, au kwa shirika lenye mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani. Jamaa wa dukani anayejaza fomu kwa malipo si wakili, na akikosea atakayeulizwa ni mwombaji. Mwaka 2025 Marekani pia ilianza kuwabana waombaji wa baadhi ya nchi, Burundi ikiwemo, kwa hiyo uliza hali ilivyo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kuhusu uraia wa nyumbani, sema ukweli wote. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Uganda, Rwanda na Burundi nazo zinaruhusu. Mtanzania mtu mzima anaupoteza uraia wake, na asiye raia hamiliki ardhi Tanzania kama raia anavyomiliki. Mwenye kiwanja Kigoma au Tanga alifikirie hilo kabla ya kutuma. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inasema uraia wake hauchanganywi na mwingine. Ukimficha mtu jambo hili akalijua baadaye, hatakuamini tena, wala hatawatuma wenzake kwako.

Pesa. Tangu Aprili 2024 ada ni dola 710 kwa mtandao na 760 kwa karatasi. Kaya ambayo kipato chake hakizidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini cha serikali hulipa 380. Anayepata Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), SNAP (msaada wa chakula) au SSI, au ambaye kipato hakizidi asilimia 150, anaweza kuomba msamaha wa ada yote kwa fomu I-912, na hapo atume kwa karatasi. Maombi ya msamaha hurudishwa mara nyingi kwa sababu mtu ameambatisha picha ya kadi ya SNAP peke yake. Inatakiwa barua ya ofisi inayotoa msaada, yenye jina la anayepokea, aina ya msaada na kuonyesha kwamba bado unaendelea.

Mtihani unaogopwa kuliko unavyostahili. Kusoma ni sentensi 1 sahihi kati ya 3, kuandika vivyo hivyo. Kwa waliotuma fomu kuanzia Oktoba 20, 2025, maswali ya uraia ni 128. Afisa huuliza hadi 20 na anayepata 12 amefaulu. Vijitabu vya maswali 100 bado vinazunguka makanisani na misikitini, viondoeni. Mwenye miaka 50 na miaka 20 ya grini kadi, au 55 na miaka 15, hupimwa maswali hayo kwa Kiswahili akiwa na mkalimani. Mwenye 65 na miaka 20 anasoma maswali 20 tu. Mama ambaye ugonjwa unamzuia kujifunza ana fomu N-648, ila daktari lazima aeleze ugonjwa wenyewe unazuiaje. Uzee au kutokujua kusoma peke yake hakutoshi.

Wanapoangukia wengi ni kwenye maswali ya fomu yenyewe, yale yanayoanza na "Have you ever". Mtu amekariri "no" kwa kila swali, afisa anamuuliza neno "persecute" (kutesa watu kwa sababu ya dini, kabila au siasa) maana yake nini, kimya. Fundisha kila neno kwa Kiingereza chepesi: "oath" ni "a promise to tell the truth". Mzoeshe kusema "please repeat" badala ya kubahatisha. Aliyelazimishwa kubeba silaha au kutumikia waasi asifundishwe kukana. Huyo aende kwa wakili kwanza. Anayeshindwa sehemu moja huitwa tena kati ya siku 60 na 90, kwa sehemu hiyo tu.

Akihama nyumba, atoe taarifa kwa USCIS, idara ya uhamiaji inayoshughulikia maombi haya, ndani ya siku 10, kwa sababu barua ya alama za vidole au ya usaili ikipotea, ombi linaweza kufungwa. Siku ya usaili abebe pasipoti zote za zamani na mpya, vyeti vya ndoa na talaka, na kumbukumbu za kodi.

Siku ya kiapo anarudisha grini kadi na kupewa cheti. Akague jina na tarehe ya kuzaliwa hapo hapo kabla hajatoka ukumbini, na atoe nakala, kwa sababu cheti halisi hutumwa pamoja na ombi la pasipoti na kurudishwa baadaye. Kujiandikisha kupiga kura ni baada ya kiapo, kamwe si kabla. Wiki hiyo hiyo aombe pasipoti za watoto pia.