Kupima mafundi wa ndege dawa za kulevya na pombe: anza na orodha, chupa baadaye

Kama karakana yako iko Marekani na ina cheti cha Part 145 (cha karakana za ndege) cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, swali la kwanza ni kama unalazimika kupima. Ukitengeneza ndege za watu binafsi tu, hulazimiki. Ukianza kupokea kazi ya shirika la abiria la Part 121 au kampuni ya ndege za kukodi ya Part 135, hata gurudumu moja, umeshaingia.

Hatua ya 1: Chagua mpango wa upimaji. Ama mafundi wako waingie kwenye mpango wa mteja, au uanzishe wako. Ukiwa na wateja watatu, anzisha wako, maana kufuata mipango mitatu ni kujitafutia maumivu ya kichwa. Mwombe mkaguzi wako wa FAA akuongezee aya A449, ile ya mpango wa upimaji, kwenye masharti yako ya uendeshaji.

Hatua ya 2: Andika orodha ya watu. Hapa ndipo wengi huteleza, na mimi niliteleza. Usiangalie cheo cha mtu, angalia mikono yake. Mwaka wangu wa kwanza niliandika mafundi wote nikamwacha mtunza stoo. Jioni moja nikamkuta amepiga magoti kando ya ndege, spana mkononi, anakaza nati za gurudumu. "Nimemshikia tu, bosi, ameenda chooni." Kwa kanuni hayo ni matengenezo, na yeye hakuwa amepimwa. Ilibidi nijipeleke mwenyewe FAA kueleza kabla hawajaniuliza. Kwa hiyo waandike vibarua, wasaidizi, wanaojifunza kazi, na msimamizi anayeshika spana mara moja kwa mwezi. Karakana ndogo unayoipelekea vipuri nayo lazima iwe chini ya mpango.

Hatua ya 3: Tafuta watu wa nje. Unahitaji mkusanyaji sampuli, maabara iliyoidhinishwa na serikali, daktari wa kuhakiki matokeo, na mtaalamu wa kumshughulikia atakayepatikana na kosa. Wakala anaweza kukupangia vyote, ila likiharibika jambo, anayeulizwa ni wewe.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kuajiri. Majibu safi ya dawa yawe mkononi kabla mtu hajagusa ndege. Hupimwa makundi matano: bangi, kokeini, amfetamini, opioidi na PCP (dawa ya kuleta njozi). Pombe katika hatua hii ni hiari yako. Waulize pia waajiri wake wa miaka 2 iliyopita waliokuwa chini ya kanuni hizi za upimaji.

Hatua ya 5: Panga vipimo vya ghafla. Kwa mwaka, kiwango cha chini ni asilimia 25 ya watu kwa dawa na asilimia 10 kwa pombe. Kompyuta ichague, wewe usiguse. Ukishamwambia mtu, aende papo hapo. Ukimwambia Ijumaa kwamba ni Jumatatu, umeharibu kipimo.

Kwa dawa, mkojo uwe angalau mililita 45, na joto lake lisomwe ndani ya dakika 4: nyuzi 32 hadi 38 za Selsiasi. Ukiwa baridi kuliko hapo, huenda umetoka kwenye chupa mfukoni, na mkusanyaji atachukua wa pili, anayepimwa akiwa anaangaliwa. Akishindwa kukojoa, ana saa 3 na maji yasiyozidi takriban lita 1.2. Kwa pombe, pumzi ikisoma 0.02 au zaidi hurudiwa baada ya dakika 15. Kuanzia 0.04 ni kosa. Kati ya hapo, mwondoe kazini walau saa 8, au hadi kipimo kingine kishuke chini ya 0.02.

Hatua ya 6: Wafundishe wasimamizi. Dakika 60 za dalili za dawa, 60 nyingine za pombe. Asiyefundishwa asimtume mtu kupimwa kwa kumshuku.

Hatua ya 7: Ajali. Pombe hupimwa ndani ya saa 8, dawa ndani ya saa 32. Zikipita, usipime tena. Andika kwa nini ulichelewa.

Na ninyi wenye Part 145 nje ya Marekani mnaohudumia ndege za Part 121: kanuni ya Desemba 2024 imewapa hadi Desemba 2027. Orodha yenu mnaweza kuianza leo.