Namna ya Kuhamisha Maongezi ya Simu Kati ya Wi-Fi na Mtandao wa Simu Bila Kukatika

Mtu aliyeanza maongezi ndani ya jengo kwa Wi-Fi na kuyamalizia barabarani kwa mtandao wa simu hapaswi hata kutambua ni wakati gani simu yake ilibadili njia. Jambo hilo linawezekana kwa simu nyingi zinazouzwa sasa, lakini halitokei lenyewe tu kwa sababu umewasha kitufe kimoja. Ni kama kupokezana kijiti katika mbio: anayepokea lazima awe ameshaanza kukimbia kabla anayetoa hajachoka. Ukiona maongezi yanakatika kila unapotoka mlangoni, mara nyingi Wi-Fi imeng'ang'aniwa hadi dakika ya mwisho, au upande wa mtandao wa simu hapakuwa na mpokeaji aliye tayari.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, ni vyema kuelewa kinachotendeka. Unapopiga simu ya kawaida kupitia Wi-Fi, kifaa chako hujenga njia iliyosimbwa inayopita kwenye ruta na intaneti hadi kufikia lango maalumu la kampuni yako ya simu, na hapo hujitambulisha kwa kadi ya SIM ile ile inayokitambulisha kwenye mnara. Nyuma ya lango hilo iko mitambo ile ile inayoshughulikia sauti ya 4G, ambayo huitwa VoLTE. Kwa kuwa njia zote mbili zinakutana mahali pamoja, anwani ya intaneti ambayo kifaa kimepewa kwa ajili ya sauti hubaki ile ile pale kinapohama, na mitambo huendelea kupeleka sauti kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwenzako wa upande wa pili hapigiwi upya wala haunganishwi upya.

Kutokana na hilo linazuka sharti ambalo watu wengi hulikosa: maongezi ya Wi-Fi huhamia kwenye 4G au 5G, na kwa kawaida hayahamii moja kwa moja kwenye 3G wala 2G. Teknolojia ya awali, iliyoitwa UMA, ambayo T-Mobile ya Marekani iliuza kwa wateja wake mwaka 2007, iliweza kupokezana na mtandao wa GSM, yaani ule wa 2G, kwa sababu ilibeba ujumbe na sauti za GSM zenyewe kupitia Wi-Fi. Mfumo wa sasa, ulioanza kuenea hasa baada ya Apple kuuingiza katika iOS 8 mwaka 2014, umejengwa juu ya VoLTE. Basi ikiwa VoLTE imezimwa kwenye simu yako, au laini yako haijaruhusiwa kuitumia, au nje ya jengo lako hupatikana 3G peke yake, maongezi yatakatika hata kama vipimo vyote vya Wi-Fi ni vizuri. Mtu anaweza kubadilisha ruta na bado asipate nafuu yoyote, kwa sababu kasoro haikuwa kwenye ruta.

Kwa hiyo anza na upande wa mtandao wa simu. Katika simu za Android, fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao na intaneti, chagua laini husika, kisha uhakikishe kwamba sauti ya 4G imewashwa na kwamba aina ya mtandao inayopendelewa haijawekwa kuwa 3G pekee. Katika sehemu hiyo hiyo ndipo palipo na chaguo la kupiga simu kupitia Wi-Fi. Katika iPhone, mambo yote mawili yako chini ya sehemu ya mtandao wa simu. Mwenye laini mbili akumbuke kwamba kila laini ina mpangilio wake: kuwasha kwa laini ya kwanza hakuigusi ya pili. Ikiwa chaguo la Wi-Fi halionekani kabisa, kampuni ya simu haijaliruhusu kwa laini hiyo au kwa aina hiyo ya kifaa, na hakuna programu ya kupakua itakayoliweka. Wakati mwingine simu iliyonunuliwa nchi nyingine hukosa huduma hii ingawa uwezo inao, kwa kuwa haina taarifa za mipangilio ya kampuni unayotumia.

Simu nyingi za Android hukuuliza pia unapendelea nini, yaani kupiga kwa Wi-Fi kwanza au kwa mtandao wa simu kwanza. Ushauri wangu ni huu: mahali ambapo mtandao wa simu unafika ndani vizuri, chagua mtandao wa simu kwanza. Maongezi yatakaa kwenye mnara na hayatalazimika kuhama kila unapopita mlangoni. Chagua Wi-Fi kwanza pale tu ambapo ndani ya jengo mtandao wa simu ni hafifu, kwa mfano ghorofa ya chini ya ardhi au nyumba yenye kuta nene za zege. iPhone kwa kawaida haitoi chaguo hili, bali huamua yenyewe.

Sasa hakikisha kwamba Wi-Fi inabeba sauti kweli. Weka simu katika hali ya ndegeni, kisha uwashe Wi-Fi peke yake na upige namba ya kawaida. Simu ikiita, njia ya kwanza imethibitika. Katika vifaa vingi vya Android unaweza pia kubonyeza *#*#4636#*#* na kusoma hali ya huduma ya IMS, yaani ile mitambo ya sauti iliyo nyuma ya lango, ambapo huandikwa kama sauti ya LTE (4G) na sauti ya Wi-Fi zinapatikana. Baada ya hapo, toa hali ya ndegeni, zima Wi-Fi, usimame nje na upige tena huku ukitazama juu ya skrini. Alama ya 4G au 5G ikibaki wakati wa maongezi, njia ya pili nayo iko tayari. Ikishuka kuwa 3G, H (aina ya 3G) au E (aina ya 2G) mara tu simu inapoita, hapo ndipo penye tatizo, na hakuna haja ya kuendelea na hatua zinazofuata mpaka utakapolitatua na kampuni yako.

Jaribio linalofuata ni la kutembea, nalo ndilo linaloonyesha ukweli wote. Mwombe mwenzako mmoja ahesabu kwa sauti kuanzia moja bila kupumzika, namba moja kwa kila sekunde. Wewe anzia karibu na ruta, tembea kwa mwendo wa kawaida hadi mlangoni, toka nje na uendelee mpaka Wi-Fi ipotee, halafu urudi. Sikiliza ni namba zipi zilimezwa, na ulikuwa umesimama wapi zilipomezwa. Uhamisho mzuri humeza kipande cha namba moja au haumezi kitu. Ukisikia ishirini na mbili, ishirini na tatu, kisha kimya, kisha ishirini na tisa, basi simu iling'ang'ania Wi-Fi iliyokwisha kufa. Muulize pia mwenzako kama yeye alikusikia muda wote, kwa kuwa mara nyingi upande mmoja huharibika kabla ya mwingine.

Upande unaoharibika kwanza huwa ni sauti yako wewe inayokwenda kwake, na sababu yake inafaa kuelezwa. Ruta ina nguvu kubwa ya kurusha mawimbi kuliko simu yenye betri ndogo. Ukiwa mbali, bado unaisikia ruta, na alama ya Wi-Fi bado inaonyesha mistari miwili, lakini ruta haikusikii tena sawasawa. Simu inayotazama tu nguvu ya mawimbi inayopokea huamini kwamba mambo ni mazuri, kumbe pakiti, yaani vipande vya data, zinazotoka zinapotea. Ndiyo maana kuongeza nguvu ya ruta, jambo ambalo kila mtu hulikimbilia kwanza, mara nyingi huzidisha tatizo la kuhama: eneo la udanganyifu huo huwa pana zaidi. Kwa wengi ningeshauri kinyume chake, yaani kupunguza nguvu ya kurusha ya ruta hadi kiwango cha kati, au kuisogeza ndani zaidi ya jengo, ili Wi-Fi iishe karibu na ukuta wa nje, mahali ambapo mnara umeshaanza kusikika vizuri. Baadhi ya vituo vya Wi-Fi vina mpangilio wa kumwachisha mteja ambaye mawimbi yake yameshuka chini ya kiwango fulani; ukiwepo, utumie kwa tahadhari na kwa kiwango kisicho kikali, kwa maana ukiuzidisha utakata maongezi ya walioketi chumba cha mwisho.

Vipimo vinasaidia kuliko mistari ya skrini. Programu za kupima Wi-Fi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, ambapo namba iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu. Wanaobuni mitandao ya maofisini kwa ajili ya sauti hulenga angalau −67 dBm kila mahali panapoongelewa. iPhone, kwa upande wake, huanza kutafuta kituo kingine cha Wi-Fi mawimbi yanaposhuka kupita −70 dBm. Mahali ambapo Wi-Fi inashuka kutoka −67 kuelekea −80, ndipo unapotaka mtandao wa simu uwe umeshakuwa imara, na eneo hilo la kukutana liwe na upana wa hatua kumi au zaidi za mtu anayetembea. Bendi ya gigahezi 5 huzuiwa na kuta zaidi kuliko ya gigahezi 2.4, kwa hiyo huisha ghafla unapofunga mlango nyuma yako. Ile ya 2.4 hujikokota hadi uani na kukushikilia huko. Kama mtandao wa simu ni mzuri hadi mlangoni, napendelea gigahezi 5 kwa sauti. Kama kati ya mlango na barabara kuna ngazi au ukumbi ambao mnara hauufikii, ongeza kituo cha Wi-Fi hapo, kwa kuwa hakuna mpangilio utakaokuvusha mahali ambapo mitandao yote miwili haipo.

Penye vituo viwili au zaidi vya Wi-Fi, simu huhama kati yao pia, na huko nako maongezi yanaweza kukwama. Vipe jina moja na nywila moja, viwe ndani ya mtandao mmoja ili simu isipewe anwani mpya njiani, na uwashe viwango vya 802.11r, 802.11k na 802.11v ikiwa vipo, ambavyo hufupisha muda wa kujitambulisha upya na kumwonyesha mteja kituo jirani. Usiache simu iruke kutoka mtandao wa wenyeji hadi mtandao wa wageni katikati ya maongezi, kwani hapo njia iliyosimbwa hulazimika kupangwa upya.

Wakati mwingine Wi-Fi ina nguvu na maongezi bado ni mabovu. Sauti yenyewe haihitaji kasi kubwa: hupelekwa kwa pakiti 50 kila sekunde, na pamoja na usimbaji wake haifiki kilobiti 100 kwa sekunde kila upande. Inachohitaji ni kufika kwa wakati. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili maongezi yaende vizuri. Mtu mwingine akiwa anapakia video kwenye laini ileile, foleni iliyojaa ndani ya ruta huweza kuvuka kiwango hicho kwa urahisi. Washa upangaji wa vipaumbele kwenye ruta, na ufunge kasi ya kupakia chini kidogo ya uwezo halisi wa intaneti yako ili foleni isijengeke.

Ofisini au hotelini, huduma inaweza kukataa kabisa kwa sababu mfumo wa ulinzi wa mtandao umefunga poti (milango ya mtandao) za UDP namba 500 na 4500, ambazo njia iliyosimbwa huzitumia. Msimamizi akizifungua kuelekea nje, inatosha. Futa pia mitandao ya wazi uliyowahi kujiunga nayo, hasa ile inayodai ukurasa wa kuingilia, maana simu ikijishikiza kwayo ukiwa unapita njiani itapoteza muda bila faida.

Simu za WhatsApp na programu za aina hiyo haziongozwi na kampuni ya simu, hivyo mtandao unapobadilika anwani hubadilika na programu hulazimika kuunganisha tena yenyewe. Acha data ya simu ikiwa imewashwa, iruhusu programu kuitumia ikiwa nyuma ya skrini, na katika Android, ndani ya chaguo za wasanidi, hakikisha mpangilio wa kuweka data ya simu hai wakati wote haujazimwa. Bado utasikia mwanya mfupi.

Kwa simu za dharura, usiitegemee Wi-Fi. Kifaa hutafuta mtandao wa simu kwanza, lakini kikilazimika kutumia Wi-Fi, kituo cha dharura kinaweza kukosa kujua ulipo. Ndiyo maana kule Marekani mtumiaji hutakiwa kuandikisha anwani yake anapowasha huduma hii, na ukihama inakupasa kuibadilisha.

Ukilazimika kuwasilisha malalamiko kwa kampuni ya simu, usiseme tu kwamba simu inakatika. Eleza saa, mahali, aina ya kifaa, kama ulikuwa unatoka Wi-Fi kwenda mnarani au ulikuwa unarudi, na alama ya mtandao iliyoonekana mara tu baada ya kukatika. Fundi akijua kwamba ulitoka Wi-Fi ukaangukia kwenye 3G, atakagua VoLTE ya laini yako moja kwa moja.