Siku Tatu Ugenini kwa Ndege Bila Kuumia Mfukoni

Nauli inayotangazwa si gharama ya safari. Ukienda mji wa nchi nyingine kwa siku tatu, cha kupima ni saa utakazozipata mjini na jumla ya pesa uliyoitoa. Kabla ya kununua tiketi, jumlisha nauli, begi, viza, malazi na usafiri wa kwenda na kutoka viwanja vyote viwili vya ndege, kisha ugawanye kwa saa utakazokuwa mjini ukiwa macho. Mara nyingi nauli ya chini inayokufikisha saa tano usiku na kukurudisha alfajiri hushindwa na ile iliyozidi kidogo lakini inafika asubuhi.

Anza na pasipoti, si bei. Nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita. Nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hutaka miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka, tena iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Angalia pia viza ya nchi unayopitia. Chanjo ya homa ya manjano, pale inapodaiwa, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ya dakika za mwisho haitakufaa.

Sasa tazama uwanja wenyewe, maana jina la mji kwenye tiketi hudanganya. Beauvais huuzwa kama Paris, lakini uko kilomita 85 hivi kutoka jijini, na basi huchukua zaidi ya saa moja. Skavsta huitwa Stockholm ilhali ni kama kilomita 100. Kwenda na kurudi, nusu siku imekwisha barabarani.

Soma saa na tarehe kwa makini. Ndege ya Jumamosi 00:30 huruka usiku wa kuamkia Jumamosi, hivyo uwe uwanjani Ijumaa saa tatu na nusu usiku. Wanaofika Jumamosi usiku hukuta imeondoka usiku uliotangulia.

Tiketi mbili tofauti zilizounganishwa na msafiri mwenyewe huwa na bei nafuu, lakini ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako: tiketi imepotea. Aghalabu hulazimika kuchukua mzigo na kupita uhamiaji ndipo uukabidhi upya. Kwa safari fupi tusingeshauri hivyo, labda kama unalala kwenye mji wa katikati. Jambo jingine: usipopanda ndege ya kwenda, mashirika mengi hufuta na ya kurudi iliyo kwenye tiketi hiyo hiyo.

Begi ndilo linalokula akiba. Nauli za chini kabisa huruhusu begi dogo tu la kuingia chini ya kiti. Lenye sentimita 40 kwa 30 kwa 20 hupita kwenye mashirika mengi. Lipime likiwa limejaa, pamoja na magurudumu, mpini na mifuko ya nje, kwa sababu kwenye fremu ya chuma ya kupimia mabegi mlangoni sentimita tatu za magurudumu zinatosha kukutoza faini inayozidi nauli. Kama ni lazima ubebe kubwa, lilipie wakati wa kununua tiketi. Mlangoni ni ghali mno. Kimiminika chochote kiwe kwenye chupa isiyozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko angavu wa lita moja, ingawa viwanja vichache vimeanza kulegeza. Pawabenki, yaani betri ya akiba ya kuchajia simu, hukaa kwenye mzigo wa mkononi tu, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100.

Jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Thibitisha safari mtandaoni (check-in) mapema, kwani baadhi ya mashirika hutoza kufanya hivyo kaunta.

Ukifika, mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani au ya pale, chagua ya pale. Ukichagua ya nyumbani, kiwango hupangwa na mwenye mashine, na huwa kibaya.