Bima ya gari imepanda? Nilivyoichambua hesabu ya Demio yangu

Ujumbe uliingia Oktoba 2024, nikiwa zamu ya usiku maabara. Bima ya gari lako inaisha tarehe 18 Novemba, malipo ya mwaka mpya ni shilingi 58,301. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimelipa 36,202. Gari ni lile lile, Mazda Demio ya 2014. Dereva ni mimi yule yule, njia ni ile ile ya Bamburi hadi kisiwani Mombasa, na sijawahi kudai hata kioo. Nilihesabu mara mbili nikidhani nimesoma vibaya. Shilingi 22,000 za ziada kwangu mimi ni karo, si pesa ya kutoa kimya kimya.

Mwishowe nililipa 44,740. Kampuni ile ile, komprehensivu ile ile, yaani bima inayolipia hata gari langu mwenyewe. Nawaeleza nilivyofanya kwa sababu kazini kwetu peke yake watu watatu walilipa walichoambiwa, na mmoja akakimbilia thadi pati, ile inayomlipa uliyemgonga tu, kwa hasira, na gari lake bado linadaiwa na benki.

La kwanza ni siku. Kampuni nyingi hutuma notisi mwezi mmoja hivi kabla. Anza siku hiyo hiyo. Ukingoja wiki ya mwisho huna nafasi ya kulinganisha bei wala ya kupeleka gari kwa mthamini, na Kenya hakuna bima ya mkopo wa mdomo: sheria inataka kampuni ipokee pesa kabla ya kuanza kukukinga. Siku ya 19 asubuhi bila cheti, hata kwenda sokoni Kongowea ni kuvunja sheria.

La pili, omba mchanganuo kwa maandishi. Ajenti wangu, kijana mwenye adabu, aliniambia, "Mamangu, hiyo ni bei ya kompyuta, haiguswi." Nikamjibu, "Mwanangu, basi nionyeshe kompyuta imejumlisha nini." Akanitumia kwa WhatsApp, na hapo ndipo nilipoelewa. Thamani ya gari 900,000 mara asilimia 5.5, yaani 49,500. Kinga ya ghasia za kisiasa na ugaidi 2,500. Kinga ya eksesi, ile sehemu ya hasara unayojilipia mwenyewe, 3,000. Gari la kutumia langu likiwa gereji, 3,000. Jumla 58,000. Juu yake tozo za serikali: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya Hazina ya Fidia ya Wenye Bima, na stempu ya shilingi 40. Tozo hizo hakuna anayeweza kukupunguzia, na kwa hesabu yangu zilikuwa 301 tu, kwa hivyo usipoteze nguvu hapo. Pesa iko kwenye thamani, kwenye asilimia, na kwenye zile nyongeza tatu. Mwaka wa nyuma nilikuwa nikilipa asilimia 4 na sina nyongeza hata moja. Nani aliziweka? Hakuna aliyeniuliza.

Asilimia kupanda si uongo wa kampuni moja. Bima ya magari ya binafsi imewaingizia hasara miaka mingi, na shilingi ilipoanguka hadi karibu 160 kwa dola mapema 2024, bei ya taa, bampa na vioo vya magari ya Japani ilipanda nayo. Nasema hivi ili usiende kugombana na ajenti. Nenda na karatasi.

Sasa thamani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoumia, wengine kwa kulipa zaidi na wengine kwa kulipa kidogo mno. Ile 900,000 ilikuwa imenakiliwa kutoka mkataba wa mwaka uliopita. Lakini gari likiibwa au likiharibika lote, kampuni hulipa bei ya soko ya siku ile, si namba uliyoandika. Ukikatia bima 900,000 gari la 780,000, utalipwa kwenye 780,000, na ada ya zile 120,000 umeitoa bure. Omba barua ya tathmini. Kwa komprehensivu, mara nyingi kampuni ndiyo inayomlipa mthamini. Wewe unapeleka gari tu, limeoshwa, na logibuku mkononi. Mthamini aliangalia rangi, tairi, injini na kilomita, akapiga picha, dakika arobaini zikaisha. Ripoti ilikuja na 780,000.

Wala usimshawishi mthamini aandike chini kuliko ukweli. Wifi yangu alifanya hivyo na gari lake la 1,000,000, akaliandikisha 600,000 ili ada ishuke. Likagongwa nyuma pale Mtwapa, matengenezo yakafika 200,000. Kwenye mkataba wake kulikuwa na kifungu cha wastani: umekatia asilimia 60 ya thamani, basi tunalipa asilimia 60 ya hasara. Akapata 120,000, nayo ikakatwa eksesi. Alichokuwa ameokoa kwenye ada hakikufika hata robo ya alichopoteza. Aliuza cherehani yake kumalizia gereji. Nilikuwepo alipoiuza, na hilo ndilo linalonifanya niwe mkali kwenye jambo hili.

Nikiwa na ripoti mkononi, niliomba bei kwingine. Kampuni mbili moja kwa moja, na broka mmoja wa Moi Avenue ambaye huuliza kampuni kadhaa kwa pamoja. Wote wape taarifa zile zile: thamani ile ile, matumizi yale yale, nyongeza zile zile. Usipofanya hivyo utalinganisha papai na embe. Na usiangalie jumla ya chini peke yake. Mmoja alinipa bei ndogo kuliko wote, karibu 37,000. Nilipoomba mkataba wenyewe nikaona eksesi yake ni asilimia 5 ya thamani ya gari kwa kila ajali, na kwangu mimi ilikuwa 2.5. Eksesi ni ile sehemu unayojilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Kwa gari la 780,000, asilimia 5 ni 39,000 na asilimia 2.5 ni 19,500. Ukipata ajali moja tu, ule unafuu umekwisha na deni limebaki.

Angalia pia eksesi ya wizi. Kwenye mkataba wangu ni asilimia 10 gari likiwa na traka, kile kifaa cha kulifuatilia lilipo, na 20 likiwa halina. Na kama kijana wako ndiyo kwanza amepata leseni na huchukua gari Jumamosi, tafuta mstari wa eksesi ya dereva mchanga, maana huongezwa juu ya ile ya kawaida.

Halafu nikarudi kwa kampuni yangu. Sikutisha mtu. Nilipanda ofisini mwenyewe, nikaweka mezani ripoti ya tathmini, bei za wenzao, na jambo moja ambalo ajenti hakuwa amelitaja popote: miaka mitatu bila dai lolote. Hilo lina punguzo, lakini aghalabu usipoliomba halijitokezi. Omba kwa jina: punguzo la kutodai. Bi mmoja wa idara inayopima hatari na kupanga bei alifungua faili, akasoma, akashusha asilimia kutoka 5.5 hadi 5. Hakuzidi hapo, na sikumlazimisha.

Zikabaki nyongeza. Gari la kuazima nililiondoa. Matatu za abiria hupita mlangoni kwangu na Demio si la biashara. Kwa mwenye kazi ya kuzunguka kila siku ningesema libaki. Kinga ya eksesi niliibakisha, kwa sababu 3,000 kuniepusha na 19,500 naona ni haki. Kinga ya ghasia niliifikiria sana. Bima ya kawaida hailipi gari lililochomwa kwenye ghasia za kisiasa, na Juni 2024 sote tuliona magari yakiteketea. Mimi huegesha kisiwani hadi usiku wa manane. Nikaibakisha. Jambo la mafuriko, uliza tu kama limo. Kwangu limo bila kulipia zaidi, na kwa mvua za Pwani zilivyotufanya mwishoni mwa 2023, nilitaka kuliona kwa macho kwenye karatasi.

Hesabu mpya: 780,000 mara asilimia 5 ni 39,000. Ongeza 2,500 na 3,000, inakuwa 44,500. Tozo 200 na senti kidogo, stempu 40.

Na thadi pati? Mwaka ule niliambiwa kama 7,500 kwa gari binafsi, na najua inavyovutia. Inamlipa uliyemgonga, haikulipi wewe. Kama gari lina deni la benki, usiliwazie; benki hudai komprehensivu na jina lao limo kwenye mkataba. Kama ni gari lako lisilo na deni, la thamani kama 250,000, hapo fanya hesabu bila haya: kampuni nyingi zina ada ya chini kabisa isiyoshuka hata gari likiwa la bei ndogo, kwa hivyo utajikuta unalipa 30,000 na zaidi kila mwaka, bado eksesi, kulinda 250,000. Kaka yangu ana Corolla ya zamani sana. Nilimshauri ashuke thadi pati na ile tofauti aiweke Sacco kila mwezi kwa jina la gari. Anafanya hivyo. Lakini gari la 780,000 sina uwezo wa kulinunua tena, kwa hivyo mimi sishuki.

Ukilemewa kulipa kwa mkupuo, uliza kama wanakubali awamu, na cheti kitatolewa kwa muda gani. Wengine hukupa cha mwezi mmoja mmoja. Andika tarehe hizo ukutani, kwa sababu awamu ikipita cheti kimekufa. Na kama unahamia kampuni nyingine kabla ya tarehe ya mwisho, cheti cha zamani kifutwe kwanza. Mfumo wa vyeti vya kidijitali haukubali gari moja kuwa na bima mbili kwa siku zile zile.

Lipa kwenye paybill ya kampuni, usilipe kwenye namba ya mtu binafsi, hata kama ajenti ni mpwa wako. Cheti kikija, kifungue siku hiyo hiyo, uchukue logibuku, ulinganishe namba ya gari na namba ya chasisi, herufi kwa herufi. Changu kilikuja na herufi moja ya chasisi imekosewa. Nilipiga simu, kikarekebishwa kabla ya saa kumi jioni.